James Parkinson: tabibu wa mtaani aliyewatazama wazee wanaotetemeka

Ukikaa mnadani au kwenye mkutano wa kijiji hapa Soitsambu, tazama mikono ya wazee. Huenda ukamwona mmoja ambaye mkono wake umetulia pajani, lakini vidole vinacheza vyenyewe kama mtu anayehesabu shanga. Akishika fimbo au kikombe, kutetemeka kunapungua. Akisimama, anainama mbele, hatua zake ni fupi fupi, na uso wake haubadiliki hata wenzake wanapoangua kicheko. Wapo watakaosema ni uzee tu. Wapo watakaosema amerogwa, au kuna laana katika ukoo. Wengi hawatasema kitu.

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, tabibu mmoja wa jijini London, Uingereza, aliwatazama wazee wa namna hiyo akagundua kwamba wana ugonjwa mmoja. Jina lake ni James Parkinson, na leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Katika makala haya tunasimulia maisha yake. Tunaeleza pia kwa nini kuona kwake hakukutosha. Tangu alipouandika ugonjwa huo hadi dawa ya kwanza yenye nguvu ilipothibitika, ilipita miaka 150. Dawa hiyo haikupatikana kwa macho ya tabibu peke yake. Ilihitaji maabara, wataalamu wengi na fedha za kuwalipa kwa miaka mingi. Jambo hilo linatugusa na sisi huku Ngorongoro, kama tutakavyoona.

Mtoto wa tabibu

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 katika eneo la Hoxton, ambalo wakati huo lilikuwa pembezoni mwa London. Baba yake, John, alikuwa tabibu aliyechanganya dawa, kufunga vidonda na kufanya upasuaji mdogo. James alijifunza kazi hiyo mikononi mwa baba yake, kama kijana wa kwetu anavyojifunza mifugo kwa kutembea nyuma ya ng'ombe wa nyumbani. Mwaka 1776 alisoma kwa miezi sita katika Hospitali ya London, na mwaka 1784 akatambuliwa rasmi kuwa daktari wa upasuaji.

Akiwa bado kijana, mwaka 1777, yeye na baba yake waliitwa kwa mtu aliyekuwa amejinyonga. Watu wengine wangemfunika shuka wakaanza kulia. Wao walihangaika naye mpaka akarudi kupumua. Kwa kazi hiyo James alipewa nishani ya fedha na chama kilichohimiza watu kuwaokoa wanaodhaniwa wamekufa.

Alimwoa Mary Dale, wakapata watoto, na mmoja wao, John, akafuata njia ya baba na babu yake. Parkinson hakuwa daktari wa matajiri. Alitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba katika mitaa ya watu wa kawaida. Kwa miaka mingi pia alihudumia wagonjwa wa akili katika nyumba walizofungiwa hapo Hoxton. Mwaka 1800 alichapisha kitabu cha ushauri wa afya kwa ajili ya watu wa vijijini, kwa sababu aliamini maarifa ya tiba hayapaswi kubaki kwa wasomi peke yao.

Mwaka 1812, yeye na mwanawe John walichapisha habari za mtoto aliyekufa baada ya kidole tumbo kutoboka. Maelezo hayo yanahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika lugha ya Kiingereza.

Kalamu ya Old Hubert

Tabibu huyu alikuwa na upande mwingine ambao wagonjwa wake wengi huenda hawakuujua. Katika miaka ya 1790 aliandika vijitabu vya siasa kwa jina la bandia, Old Hubert. Wakati huo Waingereza wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura, na kodi na gharama za vita ziliwaelemea maskini. Parkinson alijiunga na vyama vilivyodai wananchi wote wawe na sauti katika Bunge.

Mwaka 1794 serikali iliwakamata baadhi ya wanachama wenzake ikidai wamepanga kumuua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wenye sumu, akiwa ameketi kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Parkinson aliitwa kuhojiwa mbele ya Waziri Mkuu na baraza la mfalme. Alikubali kujibu baada tu ya kuhakikishiwa kwamba hatalazimishwa kujitia hatiani, na hapo akakiri kwamba Old Hubert ni yeye. Angeweza kuishia gerezani au kupelekwa uhamishoni ng'ambo. Mwishowe kesi dhidi ya wenzake haikusimama, naye akarudi kwa wagonjwa wake.

Mawe yenye habari za kale

Baada ya mtikisiko huo, Parkinson alizidi kujishughulisha na visukuku, yaani mabaki ya wanyama na mimea ya kale yaliyogeuka mawe. Kati ya mwaka 1804 na 1811 alichapisha vitabu vitatu vikubwa juu ya visukuku. Mwaka 1807 alikuwa miongoni mwa watu 13 walioanzisha chama cha wanajiolojia cha London, ambacho kipo hadi leo.

Hapo sisi wa wilaya hii tunamwelewa haraka. Bonde la Oldupai, lenye jina la mkonge pori, lilitangazwa kwa wanasayansi wa Ulaya baada ya mwaka 1911, alipofika Mjerumani Wilhelm Kattwinkel na kuondoka na visukuku. Naye alikuwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, aliyekuja kuchunguza ugonjwa wa malale. Habari hizo zilileta misafara mingine iliyogharimiwa, na kwa miaka mingi dunia imelipia uchimbaji hapa kwetu ili kujua binadamu alitoka wapi. Tukumbuke hilo tutakapofika kwenye swali la nani hulipia uchunguzi wa magonjwa ya wazee wetu.

Wagonjwa sita

Mwaka 1817, Parkinson akiwa na miaka 62, alichapisha kijitabu chembamba cha kurasa 66 juu ya kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za wagonjwa sita tu. Hata hao sita hakuwapima wote. Wawili alikutana nao barabarani akawauliza hali zao. Mmoja alimwona kwa mbali tu, akaangalia anavyotembea.

Tuseme ukweli, kwa vipimo vya leo huo ni utafiti mdogo sana. Hakuwa na maabara wala mshahara wa mtafiti. Alikuwa na macho, subira na daftari. Lakini alichokiona kilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Aliandika kwamba ugonjwa huanza polepole, mara nyingi katika mkono mmoja. Aliandika kwamba mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, mwili huinama mbele, na mgonjwa hulazimika kukimbia kwa hatua fupi kama anayeifukuzia miguu yake. Alieleza pia jinsi usingizi, kumeza na choo vinavyosumbua kadiri miaka inavyokwenda.

Mambo mengine aliyakosea. Alidhani chanzo kiko kwenye uti wa mgongo, karibu na shingo, na tiba aliyopendekeza ilikuwa kutoa damu shingoni. Lakini hakujifanya anajua yote. Aliomba radhi kwa kuchapisha mawazo ambayo hayajathibitishwa, akaeleza kwamba ameyatoa ili wenye ujuzi wa kupasua na kuchunguza miili ya waliokufa wautafute ugonjwa huu ulipojificha. Kwa maneno mengine, aliiachia kazi dunia.

Parkinson alifariki tarehe 21 Desemba 1824 baada ya kupata kiharusi, akazikwa katika mtaa uleule aliozaliwa. Hakuacha picha. Kamera hazikuwepo, na hakuna mchoro wa sura yake unaojulikana. Picha za mzee mwenye ndevu zinazosambazwa kwenye simu kwa jina lake ni za watu wengine.

Miaka 150 ya kusubiri

Kijitabu chake kilisomwa na wachache. Karibu miaka 50 baadaye, daktari maarufu wa Paris, Jean-Martin Charcot, alikisoma, akaongeza aliyoyaona kwa wagonjwa wake katika hospitali kubwa ya serikali, na kupendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Charcot alionyesha pia kwamba si kila mgonjwa anatetemeka. Wengine hukakamaa na kuwa wazito tu.

Mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff, naye akiwa Paris, alichunguza bongo za wagonjwa waliokufa. Alikuta kwamba sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, iliyo chini katikati ya ubongo, imepoteza chembe zake. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa umejificha, na si shingoni.

Katika miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwamba dopamini ina kazi yake ubongoni. Hiyo ni kemikali inayobeba ujumbe unaouwezesha mwili kusogea vizuri. Mwaka 1960, huko Vienna nchini Austria, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz waligundua kwamba bongo za waliokufa na ugonjwa wa Parkinson zina upungufu mkubwa wa dopamini. Mwaka uliofuata wagonjwa wa Vienna walichomwa sindano ya levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani walisimama na kutembea kwa saa chache.

Saa chache hazitoshi kuishi. Mwaka 1967, George Cotzias, katika maabara ya serikali ya Marekani iitwayo Brookhaven, alithibitisha kwamba dawa hiyo ikimezwa kwa dozi inayoongezwa taratibu, nafuu inadumu. Kutoka 1817 hadi 1967 ni miaka 150 kamili.

Angalia kazi hiyo ilifanyika wapi. Ilifanyika katika hospitali za umma, vyuo vikuu na maabara za serikali. Watu wengi waliolipa kodi huko Ufaransa, Sweden, Austria na Marekani hawakuwahi kusikia neno dopamini, lakini fedha zao zimo ndani ya kila kidonge cha levodopa kinachomezwa leo.

Kwa nini fedha bado zinahitajika

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama dawa ipo, kuna haja gani ya kutafuta nyingine? Ni kwa sababu levodopa haiponyi. Inajaza pengo la dopamini, lakini chembe za ubongo zinaendelea kufa. Ni kama kumwaga maji kwenye birika lenye ufa: ng'ombe watakunywa leo, ila ufa uko palepale. Baada ya miaka kadhaa nafuu ya kila dozi huwa fupi, na wagonjwa wengi huanza kuyumbayumba mwili bila kutaka. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuusimamisha ugonjwa wenyewe.

Kutafuta dawa hiyo ni safari ya gharama. Kwanza maabara, kisha wanyama, kisha watu wachache ili kuona kama ni salama, halafu wagonjwa mamia wanaofuatiliwa kwa miaka. Dawa nyingi huanguka njiani. Kampuni zinazouza dawa huangalia kwanza zitarudisha vipi fedha zao, kwa hiyo pengo huzibwa na serikali na mifuko ya hiari. Mwigizaji Michael J. Fox, aliyegundulika na ugonjwa huu akiwa na miaka 29, alianzisha mfuko wake mwaka 2000, na hadi sasa umetoa zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti.

Kwa miaka mingi fedha nyingi za namna hiyo zilitumika kuwachunguza watu wa Ulaya na Marekani. Hasara yake ilionekana wazi mwaka 2023. Wanasayansi, wakiwemo wa Nigeria, walitangaza kwamba wamepata badiliko katika jeni liitwalo GBA1 linaloongeza hatari ya ugonjwa huu kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa watu wa Ulaya badiliko hilo halikuonekana kuwa chanzo cha hatari. Lisingejulikana kamwe kama Waafrika wasingechunguzwa. Dawa inayotengenezwa bila kututazama inaweza kufika kwetu ikakuta mlango mwingine.

Waliopita nyumba kwa nyumba Hai

Tanzania ina sehemu yake katika historia hii. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wakiongozwa na madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza walishirikiana na wataalamu wa huko kufanya jambo ambalo Parkinson angelipenda. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali mafupi kuhusu kutetemeka na kutembea, na waliotiliwa shaka wakapimwa na daktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya watu 161,071, walipatikana wagonjwa 33.

Idadi inaweza kuonekana ndogo. Lakini wengi kati ya hao 33 hawakuwahi kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba wana ugonjwa wa Parkinson. Walikuwa wanaishi nao kimyakimya, dawa ya tangu 1967 ikiwa mbali nao. Watafiti walisikia maelezo yaleyale tunayoyasikia huku: uzee, uchawi, ugonjwa wa kutetemeka usio na jina lingine. Walikuta pia kwamba kwa familia nyingi dawa ni ghali au haipatikani.

Kazi ya Hai haikuishia hapo. Mwaka 2022 ulianza mradi mkubwa zaidi wa kuboresha huduma ya Parkinson katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, kwa fedha za umma za Uingereza.

Upupu na kikombe

Kuna mmea tunaoufahamu wote kwa kuwasha kwake: upupu. Mbegu zake zina levodopa ya asili, jambo lililothibitishwa na wanasayansi wa India mwaka 1937. Kwa hiyo watafiti wamejiuliza kama unga wa mbegu hizo unaweza kuwasaidia wagonjwa wasiomudu vidonge.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 18 nchini Bolivia waliopewa unga wa mbegu zilizokaangwa. Katika majaribio ya dozi moja moja, uliwapa nafuu kama ya kidonge. Ikaonekana ni habari njema. Kisha wagonjwa 14 wakautumia kila siku kwa wiki kadhaa, na nusu yao wakaacha, wengine kwa sababu ya tumbo, wengine kwa sababu hali ya kutembea ilizidi kuwa mbaya. Bila jaribio la pili, tungeshaambizana tuchume upupu.

Sisi wa Ngorongoro tunajua tumaini linavyoweza kusogeza watu. Mwaka 2011 magari yalijipanga foleni ya siku nyingi kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Hatumdharau mtu aliyekwenda, maana mwenye mgonjwa haachi kutafuta. Tunachosema ni kwamba matumaini peke yake hayawezi kutuambia kipi kinaponya na kipi hakiponyi. Kazi hiyo ni ya kupima, na kupima kunahitaji mtu wa kulipia.

Tufanye nini leo

Kwanza, tuwatazame wazee wetu kama Parkinson alivyotazama. Kama babu au koko anatetemeka mkono mmoja ukiwa umepumzika, amekuwa mzito kuinuka, sauti imefifia, au hatua zimekuwa fupi, mpelekeni Hospitali ya Wasso au kituo cha afya kilicho karibu. Si kila kutetemeka ni Parkinson. Tezi ya shingo, pombe na baadhi ya dawa pia huleta kutetemeka, ndiyo maana lazima apimwe. Ugonjwa huu hauambukizi. Hakuna sababu ya kumtenga mtu kwenye kikombe wala kwenye kikao.

Pili, aliyeandikiwa levodopa asiiache ghafla, maana ni hatari. Amuulize mtaalamu saa ya kuimeza, kwa sababu nyama na maziwa mengi vinaweza kuipunguza nguvu ikimezwa pamoja navyo. Kwa jamii ya wafugaji, hilo si jambo dogo. Na asijitengenezee dawa ya upupu nyumbani.

Tatu, siku watafiti watakapobisha hodi na vibali vyao, waulizeni maswali: nani analipia, majibu tutayapata lini, na dawa ikipatikana itafika Soitsambu? Mtu anayeuliza hivyo hakatai utafiti, anadai sehemu yake. Viongozi wetu nao wanapopanga bajeti za afya, wakumbushwe kwamba magonjwa ya wazee yamo.

Kila tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa James Parkinson, dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huu. Yeye aliona wagonjwa sita akaandika, ili wengine waendelee alipoishia. Ukimaliza kusoma, mtumie makala haya mtu mwenye mzee nyumbani. Huenda yupo anayetetemeka kwenye boma la jirani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hali yake ina jina na ina dawa ya kumpunguzia mateso.